Namna ya Kuushuhudia Mfumo wa Neva Ukiongoza Mkao na Mwendo wa Mwili Wako

Mtu aliyesimama wima bila kusogea akiulizwa anafanya nini, kwa kawaida atajibu kwamba hafanyi kitu. Jibu hilo lina kasoro kubwa. Mwili wa binadamu ni mnara mrefu wenye viungio vingi, sehemu kubwa ya uzito wake iko juu, na msingi wake ni nyayo mbili tu. Sanamu yenye umbo hilo hilo, isiyofungwa chini, ingeangushwa na msukumo mdogo. Kinachotuweka wima ni mfumo wa neva, yaani ubongo, ugwe mgongo unaopita ndani ya uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu iliyosambaa mwili mzima, ambao hupokea taarifa na kuipa misuli amri bila kupumzika kwa muda wote tuliosimama. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kimyakimya, wengi wetu tuliikariri darasani kama orodha ya majina bila kuiona hata siku moja. Mwongozo huu unakuelekeza namna ya kuiona katika mwili wako mwenyewe, kwa kuondoa msaada mmoja baada ya mwingine na kutazama ni kitu gani kinatetereka.

Maandalizi

Tafuta kona ya chumba ambapo kuta mbili zinakutana. Simama ukiipa kona mgongo, umbali wa shubiri moja hivi, na uweke kiti kizito mbele yako, ili ukipepesuka upande wowote uwe na pa kushika. Vua viatu na soksi, na uhakikishe sakafu ni kavu. Utahitaji pia mto, kitabu kizito kiasi, na mwenzako mmoja kwa baadhi ya majaribio. Mtu mwenye kizunguzungu, aliyewahi kupata kiharusi, mjamzito, mzee aliyeanguka siku za karibuni, au anayetumia dawa zinazoleta usingizi, asifanye majaribio ya kusimama akiwa peke yake.

Anza kwa kusimama tu

Weka miguu pamoja, mikono ikining'inia, na macho yakitazama alama moja ukutani iliyo sawa na kimo cha uso wako. Kaa hivyo kwa dakika moja nzima, na mawazo yako yote yawe kwenye nyayo. Baada ya sekunde chache utagundua kwamba uzito hautulii: unakwenda kwenye visigino, unarudi kwenye vidole, unahamia ukingo wa nje wa mguu wa kulia, kisha unaelekea kushoto. Mwombe mwenzako aguse kwa vidole viwili kano nene iliyo juu ya kisigino chako, naye atahisi ikikaza na kulegea, ikikaza na kulegea, ingawa kwa macho yake unaonekana umetulia kabisa.

Sababu ni kwamba mstari wa uzito wa mwili hupita mbele kidogo ya kifundo cha mguu, kwa hiyo mwili wakati wote unaelekea kuanguka kifudifudi, na misuli ya shavu la mguu hulazimika kuuvuta nyuma. Sasa egemea nyuma kidogo sana, kiasi cha upana wa kidole, huku ukitazama sehemu ya juu ya miguu yako. Kano za vidole zitachomoza ghafla chini ya ngozi kama kamba zilizovutwa, maana sasa misuli ya mbele ya muundi ndiyo iliyopokea zamu. Hukuiamuru. Pengine hata hukujua kwamba ipo.

Rudia jaribio hilo huku umefumba macho. Karibu kila mtu huyumba zaidi, na mtu mwenye afya huyumba bila kuanguka. Moritz Romberg, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19, aliliona jambo hili kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaharibia njia za hisia zilizo upande wa nyuma wa ugwe mgongo. Wakiwa wamefumbua macho waliweza kusimama, lakini wakiyafumba walianguka. Hadi leo madaktari wa neva hulitumia jaribio hilo na huliita kwa jina lake.

Kipimo hicho kinafaa kwa sababu ubongo hutegemea mashahidi watatu katika kujua mwili uko wapi. Macho hueleza mazingira yanaonekana vipi; sikio la ndani hueleza kichwa kimeelekea wapi na kinasogea vipi; nyayo, misuli na viungio hueleza kila sehemu ya mwili imekaa vipi ikilinganishwa na nyingine. Shahidi mmoja akiondoka, wawili waliobaki hubeba mzigo. Wakiondoka wawili, mambo huwa magumu, na unaweza kulithibitisha hilo kwa kusimama juu ya mto huku umefumba macho. Mto huzivuruga taarifa za nyayo na vifundo, macho yamefungwa, na sikio la ndani linabaki peke yake. Hapo utaona vifundo vikihangaika, mikono ikipanuka yenyewe, na kiuno kikianza kusaidia. Mwenzako awe ameunyoosha mkono karibu nawe.

Ukiwa bado umefumba macho, sasa miguu yako ikiwa sakafuni bila mto, gusa ukuta kwa ncha ya kidole kimoja tu, kwa wepesi ambao hauwezi kuubeba uzito wowote. Kuyumba kutapungua mara moja. Kidole hakikukushikilia, kimeongeza taarifa tu, na ubongo umezitumia. Ndiyo maana mzee anayepita gizani huku akipapasa ukuta hupata msaada mkubwa kuliko nguvu anayoiweka juu ya ukuta huo.

Mpime shahidi aliye ndani ya sikio

Kila sikio la ndani lina mirija mitatu iliyopinda nusu duara na iliyojaa majimaji, ambayo huhisi kichwa kinapozunguka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa, ambavyo huhisi mvuto wa dunia na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini. Robert Bárány alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake kuhusu kiungo hiki.

Ili kukiona kikifanya kazi, shika ukurasa wenye maandishi kwa urefu wa mkono, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa jambo, mara mbili kwa sekunde. Maandishi yatasomeka. Sasa kitulize kichwa na uutikise ukurasa wenyewe kwa kasi ile ile. Hutaweza kusoma. Katika hali ya kwanza sikio la ndani limeyaarifu macho moja kwa moja kupitia shina la ubongo, nayo yakageuka kinyume cha kichwa kwa kiwango kile kile, hata kabla uoni haujatambua kwamba kuna mwendo. Katika hali ya pili macho yamelazimika kuufuata ukurasa kwa kutazama tu, na njia hiyo ni ya polepole mno.

Mjibizo wa goti

Kaa kwenye kiti kirefu au ukingo wa meza, miguu ikining'inia bila kugusa chini. Mwenzako agonge kwa ubavu wa kiganja kano iliyo chini kidogo ya pia ya goti. Mguu utaruka mbele. Usiporuka, kunja vidole vya mikono yako miwili vishikane kama kulabu na uvute kwa nguvu kana kwamba unataka kuitenganisha, huku mwenzako akigonga tena. Mbinu hii ni ya Ernő Jendrassik, daktari wa Hungaria, na mara nyingi humfanya hata aliyekuwa haonyeshi kitu aruke vizuri.

Pigo hilo huvuta ghafla msuli wa mbele ya paja. Ndani ya msuli mna vipokezi vidogo vyenye umbo la pia ya uzi, ambavyo kazi yake ni kupima urefu wa msuli. Vikivutwa, neva ya hisia hupeleka habari hadi ugwe mgongo eneo la kiunoni, hukutana moja kwa moja na neva inayoamuru msuli huo huo ujikunje, na wakati huo huo tawi lake hunyamazisha misuli ya nyuma ya paja ili isiupinge mguu. Msuli huanza kuitika baada ya milisekunde 20 hadi 30 hivi. Linganisha na muda wa kubonyeza kitufe baada ya kuona taa ikiwaka, ambao ni takriban milisekunde 200. Ubongo huipata habari ya goti wakati mguu umekwisha kuitika. Hata hivyo usidhani kwamba ubongo hauna kauli katika jambo hili. Ile mbinu ya kuvuta mikono inaonyesha kwamba hali ya mfumo mzima ndiyo inayoamua mjibizo uwe mkubwa kiasi gani.

Kitabu juu ya kiganja

Kwangu mimi hili ndilo jaribio bora kuliko yote, kwa hiyo usilifanye kwa haraka. Kunja kiwiko, mkono wa chini ulale sawasawa na sakafu, kiganja kikitazama juu, na uweke kitabu kizito juu yake. Fumba macho. Mwombe mwenzako akiondoe kitabu ghafla bila kukuambia. Mkono wako utaruka juu, na wewe utashtuka kidogo. Sasa rudisha kitabu, na safari hii ukiondoe mwenyewe kwa mkono wa pili, kwa kasi ile ile. Mkono uliokibeba utabaki palepale.

Rudia mara tano na ujitahidi kuuzuia mkono usiruke pale mwenzako anapokiondoa. Mimi nimejaribu mara nyingi na sijafaulu. Nia haitoshi hapa, hata kujua wakati hakutoshi, kwa maana mwenzako akihesabu moja, mbili, tatu, mkono huruka tu. Kinachouzuia mkono ni amri iliyotoka kwenye ubongo ule ule unaoinua kitabu: wakati mkono wa kulia unaamriwa kunyanyua, nakala ya mpango huo hutumika kulegeza misuli ya mkono wa kushoto kwa wakati mwafaka. Kwa maneno mengine, mfumo wa neva hausubiri usawa uharibike ndipo uurekebishe; kila mara unapotaka kutenda jambo, hukadiria jinsi jambo hilo litakavyouvuruga mwili na hulipa gharama mapema.

Jambo hilo hilo hufanyika kwa mwili mzima. Mwaka 1967 watafiti wa Kisovieti walionyesha kwamba mtu aliyesimama anapoinua mkono mbele kwa haraka, misuli ya mguu huanza kazi kabla ya misuli ya bega. Unaweza kulihisi hilo kwa kulizuia. Simama ubavu wa kulia ukiwa umegusa ukuta, bega na ukingo wa mguu wa kulia vikiwa vimebana, kisha jaribu kuinua mguu wa kushoto. Hautainuka, au utainuka na kushuka papo hapo. Ili uinuke ni lazima kwanza uzito uhamie kulia, na ukuta umeikatalia nyonga nafasi. Vivyo hivyo ukisimama ukiutazama ukuta, vidole vya miguu na kifua vikiugusa, hutaweza kusimama juu ya vidole, kwa sababu maandalizi yake ni kuegemea mbele. Misuli ni ile ile na nguvu ni zile zile. Kilichokosekana ni hatua ya kwanza ambayo hukuwahi kujua kwamba unaichukua.

Amri isiyo yako

Simama mlangoni na ubane nyuma ya viganja vyako kwenye miimo yake kwa nguvu, kana kwamba unataka kuupanua mlango, kwa sekunde 45 hadi 60. Kisha toka mbele hatua moja na ulegeze mikono kabisa. Baada ya sekunde moja au mbili, mikono ya watu wengi hupanda yenyewe kama inayoelea juu ya maji. Oskar Kohnstamm, daktari wa Kijerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1915. Watu wachache hawaoni chochote, na hilo si ugonjwa. Jaribio hili linafundisha kwamba mfumo wa neva una namna ya kushikilia msuli katika kiwango fulani cha kukaza bila wewe kuendelea kuamuru, na huenda ni namna hiyo hiyo inayotusaidia kubaki tumesimama kwa saa nzima tukizungumza mambo mengine.

Nani anaamuru nini

Sasa majina yatakuwa na maana. Utepe wa tabaka la juu la ubongo, unaopita kutoka utosini kuelekea masikioni, hutoa amri za hiari, na neva zake nyingi huvuka upande mwingine zinapofika sehemu ya chini ya shina la ubongo. Kwa hiyo nusu ya kushoto ya ubongo huongoza mkono wa kulia, na nusu ya kulia huongoza wa kushoto. Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walilithibitisha eneo hilo mwaka 1870 kwa kuchochea ubongo wa mbwa kwa umeme. Shina la ubongo hushughulika zaidi na mkao, na hupeleka amri za kunyoosha miguu na kiwiliwili kwa kutumia taarifa za sikio la ndani. Vifundo vya neva vilivyo kilindini mwa ubongo huchagua ni mwendo gani uruhusiwe kuanza na upi uzuiwe. Vikikosa kemikali iitwayo dopamini, mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, ambao James Parkinson aliueleza mwaka 1817, na dalili zake ni pamoja na mwili kukakamaa, kuinama na kupiga hatua fupi.

Ubongo mdogo wa kisogoni unastahili maneno zaidi. Ukubwa wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini una zaidi ya nusu ya seli zote za neva zilizomo. Hulinganisha mwendo uliokusudiwa na uliotokea, kisha hurekebisha amri inayofuata. Ili uupime, mwenzako anyooshe kidole mbele yako kwa urefu wa mkono. Gusa kidole hicho, kisha ncha ya pua yako, kisha kidole tena, huku akikihamisha. Mkono wenye uongozi mzuri huenda moja kwa moja. Ubongo mdogo ukiwa na hitilafu, mkono hutetemeka zaidi kadiri unavyokaribia shabaha, na huipita. Pombe huathiri sehemu hii, na ndiyo sababu mlevi huweka miguu mbalimbali ili asianguke.

Kuufundisha mfumo huu

Ubongo mdogo hujifunza kutokana na makosa. Mazoezi yasiyokuyumbisha hata kidogo hayakufundishi usawa, na yale yanayokuangusha yanakufundisha hofu tu. Anza na miguu pamoja. Kisha mguu mmoja uwe nusu hatua mbele. Kisha kisigino cha mmoja kiguse vidole vya mwingine. Mwisho simama kwa mguu mmoja. Kila hatua ikikushinda kidogo lakini ukaweza kuishikilia kwa sekunde 30, endelea nayo hadi iwe rahisi. Badala ya kuharakia hatua inayofuata, mwondoe kwanza shahidi mmoja: geuza kichwa polepole kulia na kushoto, au panda juu ya mto, au fumba macho. Njia nyingine ni kuipa akili kazi, kwa mfano kuhesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa kupunguza tatu tatu. Ukiona unayumba zaidi unapohesabu, maana yake mkao wako bado unaitegemea akili ya hiari kuliko inavyopaswa.

Dakika tano kila siku zinafaa kuliko saa moja kwa wiki. Kwa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza mazoezi yenye kutilia mkazo usawa na nguvu, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Kuhusu agizo la kila mara la "kaa wima", sina imani nalo sana. Mtu huvuta mabega nyuma kwa hiari, hukaza mgongo, na baada ya dakika mbili akili inapohamia jambo lingine mfumo wa neva hurudi kwenye mazoea yake. Ni afadhali ubadilishe mkao mara kwa mara, uinuke, utembee kidogo, uketi tena kwa namna nyingine, ili mfumo uwe na kazi ya kufanya.

Matokeo yasiyopuuzwa

Ukipoteza usawa ghafla, uso ukapinda, mkono mmoja ukalegea au ulimi ukawa mzito, hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Nenda hospitali wakati huo huo, usisubiri kuona kama itapita. Ukihisi chumba kinazunguka kwa sekunde chache kila unapogeuka kitandani, inawezekana chembe za chokaa zimetoka kwenye vifuko vyake na kuingia kwenye mirija ya sikio, na mtaalamu anaweza kuzirudisha kwa kukigeuza kichwa chako kwa utaratibu maalumu. Mtu mwenye kisukari anayesimama vizuri mchana lakini akapepesuka gizani au anapofumba macho wakati wa kunawa uso, achunguzwe neva za nyayo. Katika hali zote ambazo si za dharura, andika siku, ulikuwa umesimama vipi, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, na uliegemea upande gani, kwa sababu hayo ndiyo maswali ya kwanza utakayoulizwa na daktari.